Mwani hai ndani ya mawingu: Ni abiria au wakazi wa angani?

Na Mwandishi Wetu

MTU anapotazama mawingu yakielea juu ya jiji, aghalabu huwaza mambo mawili tu: kivuli na mvua. Ni wachache wanaofikiri kwamba ndani ya mawingu hayo vimo viumbe hai, na ni wachache zaidi wanaofahamu kwamba baadhi ya viumbe hivyo vina rangi ya kijani kama majani, na vina uwezo wa kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua.

Hivyo ndivyo utafiti uliofanywa katika milima ya Ufaransa ulivyobainisha. Mwaka 2020, jarida la kisayansi la Applied and Environmental Microbiology lilichapisha matokeo ya kazi ya wanasayansi wa mji wa Clermont-Ferrand na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rutgers cha Marekani. Walieleza kuwa mwani wa kijani na jamaa zake hupatikana mara kwa mara katika maji ya mawingu, na kwamba sehemu ya mwani huo ilikuwa hai kiasi cha kuota tena ulipowekwa maabara.

Kwa hiyo, mjadala hauhusu tena kuwapo kwa viumbe hivyo angani. Unahusu wanachofanya huko. Je, wanaishi mawinguni, wakila na kufanya kazi, au wanapita tu kama abiria wanaosubiri kituo cha kushuka? Jibu lina uzito, kwani linagusa namna mvua inavyoundika, njia ambayo uhai husambaa kutoka bara hadi bara, na hata mahali pa kutafuta uhai nje ya dunia yetu.

Viumbe gani hivyo?

Usanisinuru ni kazi ambayo wengi tuliifahamu shuleni kupitia jani la mti. Rangi ya kijani iitwayo klorofili hunasa nuru ya jua, na nguvu hiyo hutumika kuunganisha maji na hewa ya kaboni dioksaidi ili kupata sukari. Oksijeni tunayovuta ni masalia ya kazi hiyo.

Lakini mti si fundi pekee wa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya usanisinuru duniani hufanywa na viumbe vyenye seli moja tu, visivyoonekana bila hadubini. Baadhi ni sayanobakteria, yaani bakteria wenye klorofili, ambao ni miongoni mwa viumbe vya kale kabisa duniani. Wengine ni mwani wa kijani wa seli moja. Kundi jingine ni diatomu, ambao hujijengea magamba ya silika, madini yale yale yanayotumika kutengenezea vioo.

Viumbe hivi tunakutana navyo kila siku bila kuvitambua. Ndivyo vinavyoleta rangi ya kijani kwenye ukuta wenye unyevu, utelezi kwenye ngazi za kisima, na doa la kijani katika ndoo ya maji iliyosahauliwa juani.

Vinavyopanda angani

Safari ya kwenda juu huanza kwa mambo madogo. Wimbi linapopasuka ufukweni, mapovu yake hurusha hewani matone madogo mno yaliyobeba chumvi na viumbe vya baharini. Upepo unapopita juu ya udongo mkavu, magome ya miti, miamba na mapaa, hung'oa seli zilizokauka na kuzipeperusha pamoja na vumbi.

Zikishapanda, si rahisi kushuka. Katika hewa tulivu, seli yenye kipenyo cha sehemu 5 za elfu za milimita huanguka kwa takribani mita 3 tu kwa saa. Kutoka kimo cha mita 1,500 ingehitaji wiki tatu hivi kufika chini kwa uzito wake pekee. Kwa kuwa hewa haitulii kamwe, seli kama hiyo inaweza kuvuka bahari kabla ya kugusa ardhi. Mara nyingi kinachoiteremsha ni mvua.

Jambo hili lilianza kuonekana zamani. Januari mwaka 1832, mwanasayansi Charles Darwin, akiwa safarini na meli ya Beagle, alikusanya vumbi laini lililokuwa likidondoka karibu na visiwa vya Cape Verde, magharibi mwa Afrika. Alilipeleka kwa Christian Gottfried Ehrenberg wa Berlin, ambaye katika vifurushi vitano alivyopokea alitambua aina 67 za vitu vyenye asili ya uhai, yakiwamo magamba ya silika. Karibu yote yalikuwa ya viumbe vya maji baridi, si vya bahari. Vumbi hilo, kwa hiyo, lilitoka barani na si baharini.

Mlima wenye historia

Utafiti wa sasa umejikita zaidi katika kilele cha Puy de Dôme, volkano iliyolala katikati ya Ufaransa. Kilele hicho kina kimo cha mita 1,465 juu ya usawa wa bahari, chini ya mwinuko wa jiji la Nairobi, lakini kwa hali ya hewa ya huko hufunikwa na mawingu mara kwa mara. Mtafiti hahitaji ndege. Wingu lenyewe humfuata mlangoni.

Si mara ya kwanza kwa mlima huo kuingia katika historia ya elimu. Mwaka 1648, Florin Périer aliupanda akiwa na mirija ya zebaki kwa maagizo ya shemeji yake, Blaise Pascal, na kuonyesha kwamba kanieneo ya hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Mwaka 1876 kilifunguliwa kituo cha kuchunguza hali ya hewa kileleni hapo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Clermont-Ferrand, wakiwamo Pierre Amato na Anne-Marie Delort, wamekuwa wakikusanya maji ya mawingu humo na kuhesabu viumbe vilivyomo.

Kukusanya maji hayo ni kazi ya subira. Wingu huonekana zito, lakini mita moja ya ujazo ya wingu kwa kawaida haina hata gramu moja ya maji. Ikiwa ni nusu gramu, basi kujaza glasi ya mililita 200 kunahitaji kupitisha mita za ujazo 400 za hewa katika mtambo. Mtambo huo hufyonza hewa kwa nguvu na kuielekeza kwenye bamba; hewa hukwepa pembeni, lakini vitone vya maji, kwa kuwa ni vizito zaidi, hugonga bamba na kukusanyika.

Tatizo kubwa ni uchafu. Seli moja kutoka katika mkono, nguo au chombo cha mtafiti inaweza kuhesabiwa kuwa ni mkazi wa wingu. Kwa sababu hiyo vyombo hutakaswa kabla ya kazi, na maji safi yasiyo na kiumbe hupitishwa katika mtambo ule ule ili kupima kama mtambo wenyewe una najisi. Bila kipimo hicho cha ulinganisho, tangazo lolote la uhai mawinguni lingekuwa dhaifu.

Walichokipata

Maji ya mawingu ya Puy de Dôme huwa na makumi ya maelfu ya bakteria katika kila mililita. Idadi hiyo inatisha kwa kusikika, lakini vitone vya wingu ni vidogo mno, kiasi kwamba kiumbe kimoja hupatikana katika kitone kimoja kati ya maelfu. Wengi wa bakteria hao hawana klorofili, na ndiyo sababu kwa miaka mingi watafiti waliwashughulikia hao zaidi na kuusahau mwani.

Utafiti wa mwaka 2020 ulijaribu kuziba pengo hilo kwa njia tatu. Kwanza, watafiti walisoma vinasaba vilivyomo katika maji ya mawingu, wakabaini sayanobakteria, diatomu na mwani wa kijani. Pili, waliweka maji hayo katika mazingira yenye nuru na virutubisho. Kutoka katika mawingu matatu tofauti, uliota mwani wa kijani wa jamii ya Chlorellaceae. Kuota huko ndiko ushahidi mzito, maana vinasaba vinaweza kutoka hata kwa seli iliyokufa, ilhali kilichokufa hakioti.

Njia ya tatu ilihusu mvua. Katika kituo cha Opme, kilichopo kimo cha mita 680 chini ya mlima huo, walikusanya maji ya mvua na kuyapitisha katika mrija mwembamba, seli zikipita moja moja mbele ya mwanga wa leza. Klorofili inapopigwa na mwanga huo hung'aa kwa rangi nyekundu, na kila mng'ao huhesabiwa.

Hesabu ilionyesha kwamba seli zenye klorofili zilizoteremka na mvua zilikuwa kati ya takribani moja na zaidi ya 300 kwa kila sentimita mraba kwa siku. Ukizizidisha kwa eneo la mita moja ya mraba, unapata kati ya seli 10,000 na zaidi ya milioni tatu kwa siku. Humo pia mlikuwa na chavua nyingi ya miti, ambayo watafiti walilazimika kuitenga wasije wakaichanganya na mwani.

Aina zilizotawala katika mvua hiyo zinaeleza mengi. Kwa upande wa mwani wa kijani, zilikuwa za kundi la Trebouxiales, ambalo wengi wake huishi kwa ubia na kuvu juu ya magome na mawe. Kwa upande wa sayanobakteria, zilikuwa za kundi la Chroococcidiopsidales, lenye jamaa wanaoishi ndani ya miamba ya jangwani. Baadhi ya jamaa hao wamewahi kuwekwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga ili kupima uvumilivu wao. Kwa maneno mengine, wanaofika mawinguni wakiwa salama ni wale waliokwisha kuzoea ukame, jua kali na njaa wakiwa bado ardhini.

Mvua nyekundu ya Kerala

Wapo watu walioiona mvua ya namna hii kwa macho yao. Kuanzia mwishoni mwa Julai mwaka 2001, katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, ilinyesha mvua yenye rangi nyekundu iliyotia madoa nguo zilizoanikwa. Uvumi ulienea haraka, na baadaye wanafizikia wawili wa huko walidai kuwa chembe nyekundu zilizokuwa katika maji hayo huenda zilitoka nje ya dunia. Makala yao ilichapishwa mwaka 2006.

Lakini taasisi mbili za utafiti za India zilikuwa zimekwisha kutoa ripoti tangu Novemba 2001. Zilieleza kwamba chembe hizo ni mbegu za mwani uitwao Trentepohlia, ambao huitwa mwani wa kijani kwa nasaba yake ingawa rangi yake ni ya machungwa au nyekundu, na ambao huota kwa wingi juu ya miti ya eneo lile. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 uliunga mkono kwamba ni mwani wa jenasi hiyo. Kisa hicho kinafundisha kwamba jambo la ajabu angani si lazima lianzie mbali. Linaweza kuwa limeanzia kwenye gome la mti wa jirani.

Kufika si kuishi

Hapa ndipo lilipo kiini cha mjadala. Kumkuta kiumbe hai mahali fulani si sawa na kuthibitisha kwamba anaishi hapo. Msafiri aliyelala ndani ya basi yu hai, lakini basi si nyumba yake.

Wanaotetea kwamba wingu ni makazi wana hoja zao. Wingu lina maji, lina nuru tele, lina kaboni dioksaidi, na katika vitone vyake mmeyeyuka chumvi na mabaki ya kikaboni. Mwaka 2001, Birgit Sattler wa Innsbruck na wenzake walieleza kwamba bakteria waliotoka katika mawingu ya mlima Sonnblick wa Austria, wenye kimo cha mita 3,106, waliweza kukua na kuongezeka katika nyuzijoto 0. Mwaka 2013, watafiti wa Clermont-Ferrand walionyesha kuwa vijiumbe vya mawinguni huvunjavunja haidrojeni peroksaidi, kemikali muhimu katika kemia ya anga, pamoja na mabaki ya kikaboni.

Hoja za upande wa pili nazo si nyepesi. Wingu moja moja hudumu kwa dakika au saa chache, kisha hutoweka au hunyesha. Kitone hukauka na kuundika upya mara nyingi, na seli iliyomo hukaushwa na kuloweshwa kila mara. Miale ya urujuanimno ni mikali zaidi huko juu, na baridi hufikia kiwango cha kugandisha. Seli hukaa hewani kwa siku kadhaa tu, ilhali bakteria wa Sonnblick walihitaji siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi ili waongezeke maradufu.

Kwa mwani, ushahidi uliopo unathibitisha mambo mawili: kwamba wamo, na kwamba baadhi hufika wakiwa hai. Utafiti wa mwaka 2020 wenyewe ulihitimisha kwamba anga hutumika kama njia ya kusambaza viumbe hivi. Kuonyesha kwamba huwa wanatengeneza sukari ndani ya kitone, wakiwa huko huko juu, ni hatua nyingine, inayohitaji kupima kazi ya seli adimu katika maji machache kabla hazijabadilishwa na mtambo unaozikusanya. Kwa vyovyote vile, hakuna anayedai kwamba mawingu yanaweza kushindana na misitu au bahari katika kutoa oksijeni. Idadi ya seli ni ndogo mno.

Mvua ya mawe ya Kericho

Kiumbe hakihitaji kufanya kazi nyingi ili kubadilisha wingu. Maji safi katika vitone vidogo yanaweza kubaki bila kuganda hadi nyuzijoto 38 hivi chini ya sifuri. Ili yagande mapema, yanahitaji kitu cha kuanzia. Bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, anayeishi juu ya majani ya mimea, ana protini inayoweza kuanzisha barafu katika nyuzijoto 2 tu chini ya sifuri. Barafu ikishaanza, hukua, huwa nzito, na huanguka kama mvua au mawe.

Suala hili lina mizizi Afrika Mashariki. Nyanda za chai za Kericho, nchini Kenya, zinajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Mwaka 1982, watafiti R. C. Schnell na S. N. Tan-Schnell walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa majani makavu ya chai yaliyoanguka chini katika mashamba ya Kenya ni chanzo cha chembe zinazoanzisha barafu. Hoja iliyofuata ni kwamba upepo na shughuli za shambani huweza kuzirusha chembe hizo hadi kwenye mawingu, na hivyo shamba likachangia kuumba mvua inayoliharibu.

Bakteria wa majani si mwani, lakini somo ni moja. Baadhi ya mwani wa hewani pia umepimwa maabara na kuonekana kuwa na uwezo wa kugandisha maji, ingawa kwa kawaida katika baridi kali kuliko ile inayomtosha Pseudomonas syringae. Kinachoota ardhini leo kinaweza kuwa sehemu ya wingu kesho, na kubadilisha uso wa nchi, kwa kukata misitu au kupanda zao moja, ni kubadilisha pia abiria wanaopanda angani.

Maji ya paa na tangi

Kwa mkazi wa mjini anayekinga maji ya mvua, habari hii ina upande wa nyumbani. Takwimu za Opme ni za Ufaransa na haziwezi kuhamishiwa moja kwa moja Dar es Salaam au Mombasa. Hata hivyo, kanuni ni ile ile: maji ya mvua hayashuki yakiwa matupu, na yakipita juu ya paa huokota vumbi, kinyesi cha ndege na mwani uliokwisha kuota hapo.

Ndiyo maana maji yaliyoachwa katika pipa jeupe lililo wazi huwa ya kijani baada ya siku kadhaa, hata kama yalionekana safi yalipokingwa. Mbegu zilikuwamo, zilichohitaji ni nuru. Tangi lenye mfuniko, lisilopitisha mwanga, huunyima mwani kile unachokihitaji kuliko vyote. Kuyaacha maji ya mwanzo ya mvua yapite bila kuyakinga hupunguza uchafu wa paa. Giza, hata hivyo, haliui bakteria wasiotegemea nuru, hivyo maji ya kunywa bado yanapaswa kuchemshwa au kutiwa dawa.

Kutoka Puy de Dôme hadi Zuhura

Mwaka 1967, Carl Sagan na Harold Morowitz waliandika katika jarida la Nature kwamba, ingawa uso wa sayari ya Zuhura unaunguza, mawingu yake yangeweza kufikiriwa kuwa mahali pa uhai. Uso huo una joto la takribani nyuzi 460, lakini kilometa 50 hivi juu yake joto na kanieneo hukaribia hali ya duniani. Mwaka 2021, Rakesh Mogul na wenzake walikokotoa kiasi cha nuru kinachofika katika mawingu hayo na kusema kinaweza kutosha kwa usanisinuru. Mawingu yenyewe, hata hivyo, yameundwa kwa asidi kali ya salfa.

Hapo ndipo tofauti kati ya abiria na mkazi inapokuwa na uzito mkubwa. Mwani wa Puy de Dôme una ardhi chini yake: hutoka kwenye gome, mwamba au bwawa, na hurudi huko kwa mvua. Zuhura hakuna bwawa la kurudia. Uhai wa mawingu yake, kama upo, ungelazimika kuzaliwa, kula na kuzaliana angani bila kushuka. Hilo halijawahi kuonyeshwa kwa kiumbe chochote hapa duniani, na ndiyo sababu kipimo kinachosubiriwa kutoka vileleni si cha kuhesabu seli zaidi, bali cha kuonyesha kama seli moja ya kijani, ikiwa ndani ya kitone chake, inafanya kazi au imelala.